Upandikizaji wa uso: kompyuta inafanya nini, na nini haiwezi kufanya

Mei 2024 ilienea katika simu za watu, kuanzia makundi ya WhatsApp ya familia hadi TikTok, video ya roboti wenye mikono mingi wakikitenga kichwa cha mtu na kukiunga kwenye kiwiliwili cha mtu mwingine, huku ikidaiwa kwamba kompyuta ndiyo inayoongoza kila mkato. Mradi huo, ulioitwa BrainBridge, haukuwa na hospitali, mgonjwa wala roboti; ulikuwa picha zilizochorwa kwa kompyuta na mtengenezaji wa video za sayansi. Hata hivyo wengi waliusadiki, na si haki kuwaita wajinga, kwa sababu miezi sita tu kabla yake, Novemba 2023, hospitali ya NYU Langone ya New York ilikuwa imetangaza jambo la kweli ambalo masikioni halikutofautiana sana na lile la kuchorwa. Aaron James, fundi wa nyaya za umeme kutoka jimbo la Arkansas aliyeunguzwa na umeme wa volti 7,200 mwaka 2021, alikuwa amepandikizwa sehemu ya uso pamoja na jicho zima la kushoto, vyote vikitoka kwa mtu mmoja aliyefariki. Upasuaji huo wa Mei 2023 ulichukua takriban saa 21 na kuhusisha wataalamu na wafanyakazi zaidi ya 140.

Tangu hapo mambo mawili yamekuwa yakizungumzwa kana kwamba ni jambo moja. La kwanza ni upandikizaji wa uso wenyewe, yaani kuuhamisha uso wa marehemu na kuuweka kwa mtu aliye hai. La pili ni upangaji wa upasuaji kwa kompyuta, yaani kuitumia mashine kupima, kuchora na kujaribu mikato kwenye kioo cha kompyuta kabla kisu hakijamgusa mtu. Haya mawili hukutana, lakini la pili si roho ya la kwanza, na anayedhani kwamba kompyuta ndiyo iliyoyawezesha yote atakosea kuelewa kwa nini wagonjwa wengine walipoteza nyuso walizopewa miaka mingi baada ya mashine kuzimwa.

Tuanze na uso. Upasuaji wa kurembesha, ule wa kupunguza pua au kukaza ngozi, hufanywa kwenye uso usiougua. Ujenzi upya wa uso hutumia mwili wa mgonjwa mwenyewe kurekebisha kilichoharibika, kwa mfano ngozi ya paja kufunika shavu lililoungua, au kipande cha mfupa wa mguu kugeuzwa taya. Upandikizaji wa uso ni jambo la tatu kabisa: ngozi, mafuta, misuli, neva, mishipa ya damu na mara nyingine mifupa na meno ya marehemu huondolewa vikiwa vimeshikamana, kisha mishipa ya damu ya pande hilo huunganishwa na ile ya shingoni mwa mpokeaji. Mishipa hiyo ina upana wa milimita chache tu, na hushonwa chini ya hadubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Damu inaporuhusiwa kupita, uso uliokuwa umepauka hubadilika rangi mbele ya macho ya madaktari, na hapo ndipo wanapojua kwamba hatua ya kwanza imefaulu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini isitumike ngozi ya paja tu na mambo yakaisha. Jibu limo katika midomo na kope. Hivi si vipande vya ngozi tu. Ndani yake mna misuli ya duara inayofunga na kufungua, na hakuna mahali pengine mwilini panapopatikana misuli ya namna hiyo yenye ngozi nyembamba kiasi hicho. Mdomo uliojengwa kwa nyama ya paja haufungi, kwa hiyo mate humwagika, chakula huanguka, na herufi kama b, p na m hazitamkiki. Jicho lisilo na kope linaloweza kufumba hukauka na hatimaye hupofuka. Wapokeaji wengi wa uso walikuwa wamekwisha kupitia upasuaji wa kawaida mara nyingi, bila kuipata midomo inayofunga. Wazo kwamba watu huomba uso mpya kwa ajili ya urembo, au kwamba tajiri anaweza kujinunulia uso wa kijana, halina msingi wowote katika kumbukumbu za kazi hii.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Mfaransa, Isabelle Dinoire, mwenye umri wa miaka 38, ambaye mbwa wake alimng'oa pua, midomo na kidevu. Tarehe 27 Novemba 2005, katika mji wa Amiens, timu iliyoongozwa na Bernard Devauchelle na Jean-Michel Dubernard ilimpandikiza sehemu hizo tatu kwa pamoja. Ulikuwa uso wa sehemu. Uso mzima ulipandikizwa kwa mara ya kwanza mwaka 2010 katika hospitali ya Vall d'Hebron, Barcelona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulihesabu operesheni 50 duniani kote kwa watu 48, katika nchi 11, na hakuna hata moja iliyofanyika Afrika. Tofauti kati ya 50 na 48 inatokana na watu wawili waliopandikizwa mara mbili, na habari zao tutazirudia. Mwaka mmoja wa kupandikiza figo katika hospitali moja kubwa ya mjini huweza kuzipita namba hizo zote za miaka karibu ishirini, kwa hiyo msomaji anayeona kwenye simu kwamba mtindo huu umeenea kila mahali na ajue kwamba hesabu nzima ya dunia inaweza kukaa katika basi moja.

Kuna jambo la kihistoria ambalo husahauliwa mara kwa mara. Joseph Murray, aliyepandikiza figo kwa mafanikio mjini Boston mwaka 1954 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1990, alikuwa kwa taaluma daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Alianza kujiuliza kwa nini mwili hukataa kiungo cha mtu mwingine alipokuwa akiwatibu askari walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia, ambao ngozi za watu wengine walizobandikwa zilikuwa zikioza baada ya muda. Figo yake ilikubaliwa kwa sababu mtoaji na mpokeaji walikuwa mapacha wa kufanana. Kwa hiyo swali lililozaa elimu nzima ya upandikizaji lilianzia kwenye ngozi, nayo ngozi ndiyo iliyobaki kuwa kiungo kinachoamsha hasira ya kinga ya mwili kuliko karibu vingine vyote. Hapo ndipo ugumu wa uso ulipo.

Dhana inayoshikiliwa na watu wengi zaidi ni kwamba mpokeaji hutoka hospitalini akiwa na sura ya marehemu, hivi kwamba mama wa marehemu akimkuta sokoni ataanguka kwa mshtuko. Sinema zimesaidia sana kuieneza dhana hii. Ukweli ni kwamba umbo la uso huamuliwa kwa kiasi kikubwa na mifupa iliyo chini yake, na ngozi laini ikitandazwa juu ya mifupa mingine hufuata mifupa hiyo. Kinachopatikana ni sura ya tatu, isiyokuwa ya mtoaji wala ya mpokeaji kabla hajaumia. Lakini tusikimbilie upande wa pili tukasema hakuna kinachofanana: kadiri mifupa na meno ya mtoaji inavyohamishwa kwa wingi, ndivyo dalili zake zinavyobaki. Andy Sandness, aliyepandikizwa katika hospitali ya Mayo huko Minnesota mwaka 2016, alipokutana na mjane wa mtoaji mwaka uliofuata, mama huyo hakumwona mumewe katika uso ule kwa ujumla, ila alikitambua kidoa kidogo kidevuni ambapo ndevu hazikuwa zikiota. Kuhusu hofu kwamba mhalifu anaweza kujificha kwa njia hii, alama za vidole hazibadiliki, damu yake hubaki na vinasaba vyake mwenyewe, na mtu anayehitaji timu ya watu zaidi ya mia moja pamoja na uangalizi wa hospitali maisha yake yote hana namna ya kujificha.

Swali la ridhaa linastahili kupewa nafasi, maana kwetu sisi ambao huaga mwili wa marehemu kwa kuutazama uso, jambo hili hugusa kuliko masuala ya kitaalamu. Huko Marekani, ambako operesheni nyingi za aina hii zimefanyika, idhini ya mtu kutoa figo au moyo haihesabiwi kuwa idhini ya kutoa uso. Familia huombwa kivyake na inaweza kukataa uso huku ikikubali vingine. Mtoaji ni lazima awe mtu ambaye ubongo wake umekufa lakini moyo unadumishwa kwa mashine, kwa hiyo mazungumzo hayo hufanyika usiku na mchana wa kwanza wa msiba, na sioni namna ya kuyafanya yawe mepesi. Baada ya uso kuondolewa, marehemu huvalishwa sura ya bandia. Katika operesheni za mwanzo iliundwa kwa silikoni, na mwaka 2018 NYU Langone walipompandikiza Cameron Underwood, sura ya mtoaji ilichapwa kwa printa ya pande tatu kutokana na vipimo vya uso wake.

Printa hiyo inatufikisha kwenye kompyuta.

Uso ukihamishwa ukiwa ngozi na misuli tu, kama ilivyokuwa kwa sehemu kubwa kwa Patrick Hardison, mzimamoto wa Mississippi aliyepandikizwa mwaka 2015 kwa saa 26, hesabu za kompyuta zina faida ila si suala la kufa na kupona. Mambo hubadilika kabisa mifupa ya taya na meno inapoingia. Hebu tufikirie fundi seremala aliyeletewa mlango uliotolewa katika nyumba nyingine, akatakiwa kuufunga kwenye fremu iliyojengwa na fundi ambaye hakuwahi kumjua. Hawezi kuupachika kwanza ndipo apime. Inambidi ajue mapema ni wapi pa kuupunguza mlango na ni wapi pa kuichonga fremu ili kingo zikutane, na zaidi ya yote bawaba zikae mahali ambapo mlango utafunga bila kukwama. Taya la chini lina bawaba zake mbili mbele ya masikio. Taya la juu la marehemu likiwekwa kwa mgonjwa likiwa limepinda kidogo tu, meno ya juu hayatakutana na ya chini, naye hataweza kutafuna, hata kama usoni anaonekana vizuri. Tena fundi wa mlango anaweza kurudia kesho. Daktari ana saa chache tu kabla nyama isiyopata damu haijaanza kuharibika.

Kazi ya kompyuta huanza kwa kipimo cha CT, ambacho hupiga picha za mionzi katika vipande vyembamba, mara nyingi visivyofikia unene wa milimita moja. Programu huzipanga mamia ya picha hizo, huutenga mfupa na nyama, na hutoa fuvu la mgonjwa linaloweza kuzungushwa kwenye kioo. Kipimo kingine hufanywa baada ya kudungwa dawa inayoonyesha mishipa ya damu, na hiki kwa maoni yangu ndicho chenye thamani kubwa kuliko kinavyosifiwa, kwa sababu mgonjwa aliyepigwa risasi au kufanyiwa upasuaji mara kumi anaweza kuwa amebakiwa na ateri mbili tu zinazofaa kuunganishwa. Uso usio na mshipa wa kuulisha ni nyama iliyokufa, hata ukate mifupa kwa ustadi gani.

Mpokeaji anaweza kupimwa miezi au miaka mapema. Mtoaji hajulikani mpaka siku atakapopatikana, na hapo muda huhesabika kwa saa. Anapopatikana naye hupigwa picha, fuvu lake likawekwa kando ya lile la mgonjwa kwenye kompyuta, na madaktari wakiwa pamoja na wahandisi, mara nyingi kwa simu ya video, hujaribu mikato: msumeno upite hapa, taya lisogee mbele milimita tatu, meno yakutane hivi. Mikato hiyo haichaguliwi ovyo. Mwaka 1901 daktari Mfaransa René Le Fort alichunguza jinsi mifupa ya uso inavyovunjika inapogongwa, kwa kuvipiga vichwa vya maiti na kisha kuvifungua, akagundua kwamba huachana kwa kufuata njia tatu kuu. Njia ya juu kabisa huutenga uso mzima na fuvu, ikipita kwenye shina la pua na ndani ya matundu ya macho. Madaktari wa leo hufuata njia hizo hizo za Le Fort wanapotoa sehemu ya kati ya uso wa marehemu, isipokuwa sasa wanazichora kwanza kwenye kioo.

Mpango ukikubalika, hautekelezwi na roboti. Hugeuzwa kuwa kitu cha kushika mkononi: kielekezi, yaani kibao cha plastiki au metali kilichochapwa kwa printa ya pande tatu, chenye umbo linalokaa sawasawa juu ya mfupa wa mtu huyo mmoja na si mwingine, na chenye mwanya ambamo msumeno hupita. Kielekezi hufungwa kwa skrubu, daktari hukata kwa mkono wake kwa kufuata mwanya, kisha hukitoa. Kimoja huandaliwa kwa mtoaji na kingine kwa mpokeaji, na vikitengenezwa vizuri, kingo mbili zilizokatwa katika vyumba viwili tofauti hukutana na kufungwa kwa vibamba vya titani. Teknolojia inayosifiwa kwa picha za roboti wanaong'aa kwa sehemu kubwa ni kipande hiki kidogo, kisichopendeza hata kukitazama.

Zipo hatua zilizokwenda mbele zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, daktari Chad Gordon na wahandisi wa chuo hicho walitengeneza mfumo ulioongeza jambo moja kubwa: kupima wakati upasuaji unaendelea. Alama maalumu hufungwa kwenye mifupa na kwenye vifaa, kamera huzifuatilia, na kompyuta huonyesha papo hapo taya lililoshikwa na daktari liko umbali gani na pembe gani kutoka mahali lilipopangiwa, pamoja na jinsi meno yatakavyokutana likifungwa hapo. Mfumo huo ulijaribiwa kwa maiti na kwa nguruwe. Sababu ya kuuhitaji inaeleweka: uso ukiwa umevimba na umejaa damu, jicho la daktari hudanganyika, na mpango uliochorwa jana haujui kwamba leo kuna kipande cha mfupa kilichomeguka.

Anayedhani kwamba mashine hizi zimeondoa haja ya mazoezi na atazame tena operesheni ya Sandness. Timu ya daktari Samir Mardini ilitumia mipango ya kompyuta na vielekezi vya kuchapwa, na bado ilifanya mazoezi kwa vichwa vya maiti katika Jumamosi zaidi ya 50, kwa kipindi cha zaidi ya miaka mitatu, kabla ya kumgusa mgonjwa. Siku yenyewe ilipofika, kazi ilichukua saa 56. Sehemu ya saa hizo ilitumika kuzitafuta neva na kuzitambua moja baada ya nyingine, kujua ipi inainua mdomo na ipi inafumba jicho, kazi ambayo picha za CT haziwezi kuifanya kwa sababu neva hizo ni nyembamba mno.

Na hapa tunaingia katika eneo ambalo kompyuta hubaki mlangoni. Neva iliyoungwa hukua kwa kasi ya takriban milimita moja kwa siku, kutoka kwenye kiungo kuelekea kwenye msuli. Kwa hiyo mgonjwa huanza kuhisi baridi na joto baada ya miezi kadhaa, na kutabasamu kunaweza kuchukua mwaka au zaidi, tena kwa mazoezi ya kila siku mbele ya kioo. Picha zinazoenezwa za mgonjwa akicheka wiki chache baada ya operesheni huenda ni za mtu mwingine au za kutengenezwa. Neva ya jicho haikui hata kwa mwendo huo wa kobe, kwa sababu ni sehemu ya ubongo iliyochomoza nje, si neva kama zile za shavuni. Ndiyo maana jicho la Aaron James lilibaki na damu na umbo lake lakini halikuona, na madaktari wake hawakudai kwamba linaona. Waliodai ni waenezaji wa habari.

Kisha kuna kinga ya mwili. Mpokeaji wa uso hunywa dawa za kuipunguza nguvu kinga hiyo kila siku mpaka kufa kwake, na karibu kila mmoja hupata angalau tukio moja la mwili kuanza kuukataa uso, dalili zikiwa wekundu, uvimbe na vipele. Dawa hizo hizo hufungua mlango kwa maambukizi, huchosha figo na huongeza hatari ya saratani. Dinoire alifariki Aprili 2016 akiwa na miaka 49, akiwa ameugua saratani na baada ya kupoteza sehemu ya uwezo wa midomo aliyopewa. Mgonjwa wa pili duniani, Li Guoxing wa China, aliyejeruhiwa na dubu na kupandikizwa mwaka 2006, alifariki mwaka 2008. Kwa maelezo ya daktari wake, alikuwa ameacha dawa za hospitali akatumia mitishamba. Jérôme Hamon wa Paris alipandikizwa mwaka 2010, uso ukakataliwa, ukaondolewa mwishoni mwa mwaka 2017, naye akakaa takriban miezi miwili hospitalini bila uso, asiweze kusema wala kula, mpaka daktari Laurent Lantieri alipompandikiza wa pili Januari 2018. Mwingine aliyepandikizwa mara mbili ni Carmen Tarleton wa Marekani, ambaye uso wake wa mwaka 2013 ulibadilishwa mwaka 2020. Kwa jumla, utafiti ule wa mwaka 2024 ulionyesha kwamba baada ya miaka mitano asilimia 85 ya nyuso zilikuwa bado ziko hai, na baada ya miaka kumi asilimia 74. Ni matokeo mazuri kwa kazi ngumu kiasi hiki, lakini mgonjwa anayeambiwa habari za saa za operesheni bila kuambiwa habari za miaka ya dawa amedanganywa nusu.

Rangi ya ngozi nayo haimo katika hesabu za mashine, ingawa mtu angedhani ndiyo jambo jepesi kuliko yote. Robert Chelsea, Mmarekani Mweusi aliyeungua vibaya katika ajali ya gari mwaka 2013, aliletewa habari za mtoaji aliyefaa kwa damu na kwa vipimo, akakataa kwa kuwa ngozi ile ilikuwa nyeupe mno kuliko yake. Alisubiri zaidi ya mwaka, na Julai 2019, akiwa na umri wa miaka 68, alipandikizwa katika hospitali ya Brigham and Women's, Boston, akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata uso mzima. Kusubiri kwake kulitokana na uchache wa watoaji weusi, jambo lenye mizizi katika historia ya watu hao na hospitali za nchi yao, na hakuna programu inayoweza kulitatua.

Je, haya yanatuhusu vipi sisi wa Afrika Mashariki? Upandikizaji wa uso wenyewe uko mbali. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo nchini Tanzania mwaka 2017, na kazi hiyo hutegemea ndugu aliye hai kumpa ndugu yake figo moja, lakini uso hauwezi kutolewa na mtu aliye hai, kwa hiyo unahitaji sheria, madaktari na desturi ya kupokea viungo vya waliofariki, achilia mbali dawa za kila siku za maisha yote. Sidhani kwamba hili ndilo la kulilia. Upangaji kwa kompyuta, ambao umepata umaarufu kwa mgongo wa uso, una kazi ya karibu zaidi nasi. Wapo wagonjwa wengi katika eneo letu wenye ameloblastoma, uvimbe wa taya usio saratani lakini unaokula mfupa polepole, ambao mara nyingi hufika hospitalini ukiwa umelivimbisha shavu zima. Matibabu ni kulikata taya lililoathirika, na tangu mwaka 1989 imejulikana kwamba pengo linaweza kujazwa kwa mfupa mwembamba ulio pembeni mwa muundi wa mgonjwa mwenyewe, pamoja na mishipa yake ya damu. Mfupa huo umenyooka ilhali taya limepinda, hivyo hukatwa vipande viwili au vitatu na kuungwa upya kwa pembe, na hapo ndipo picha za CT, programu na kielekezi cha kuchapwa hupunguza kubahatisha na kufupisha muda wa mgonjwa kuwa chini ya usingizi wa dawa. Vifaa vinavyohitajika ni mashine ya CT, kompyuta, printa na mhandisi aliyezoea kukaa meza moja na daktari wa upasuaji. Kwa kuwa mfupa ni wa mgonjwa mwenyewe, kinga ya mwili haina cha kukataa, naye hurudi nyumbani bila dawa za kumeza maisha yake yote.